Mgeni wa Chumba Namba Nne

Hodi ilipigwa mara moja tu, saa saba mchana, na Wacera, msimamizi wa hosteli ya chuo, akajibu kama anavyojibu kila mtu huku Kitale: “Karibu! Ingia, hapa ni kwako!” Hakuinua hata kichwa. Alikuwa amepiga magoti akisugua chumba namba nne, kimoja cha vyumba vipya ambavyo chuo kiliwajengea wanafunzi na watafiti kutoka nje. Alipogeuka, hakukuwa na mtu. Kwenye saruji aliona nyayo zenye maji zikiingia. Za kutoka hazikuwepo. Akazipangusa kwa tambara.

Jumatatu akaingia Naim, mtafiti wa magonjwa ya mahindi kutoka Sudan. Tangu afike Kenya alikuwa amehamishwa nyumba tatu, moja ikivuja, nyingine haina choo. Alipoona kitanda, meza na maji ya moto, alilia. Wacera naye alilia, maana aliyesumbua ofisi ya chuo miaka miwili ili vyumba hivyo vijengwe ni yeye.

Ijumaa Naim akamnong'oneza, “Mama, nani analala na mimi? Godoro linabonyea upande wa ukuta. Kunanuka udongo uliolowa.”

Wacera alizikumbuka zile nyayo. Lakini akisema, mgeni atahama, na ofisi itadai watu wa nje hawavitaki vyumba.

“Ni saruji mpya tu,” akasema. Alijua anadanganya.

Naim akaanza kukonda, akawa hali chakula, haendi shambani, anajikunja ukingoni mwa kitanda akimwachia nafasi mtu asiyeonekana, na kila Wacera alipopeleka chai alisikia mle ndani pumzi mbili, moja ya Naim na nyingine nzito, ya polepole, iliyonyamaza tu alipogusa kitasa.

Nafisa, mpishi wa hosteli, akamwita mjomba wake Yakub, msomaji wa dua za kutoa majini. Mzee alimsomea Naim Kurani hadi jasho likamtoka. Ndipo kinywa cha Naim kikafunguka, kwa sauti isiyo yake:

“Mimi si mwizi. Mwenye nyumba alinikaribisha.”

“Wacera, ati ulifanya nini?” Nafisa akauliza kwa hofu.

“Nilisema karibu tu, bana! Si kila mtu husema?” Wacera akapiga magoti. “Toka, nakuomba. Mchukue yeyote, lakini si huyu.”

“Uliniambia hapa ni kwangu.”

Yakub akafunga kitabu chake. “Maji yakimwagika hayazoleki, mama.”

Hospitali ya Kitale ikakosa nafasi, wakamkimbiza Naim ya Bungoma. Alikata roho wakipita Kamukuywa.

Tangu siku hiyo Wacera hakuitikia hodi ya mtu. Wageni wakamwona ana kiburi, naye akavumilia. Aliiomba ofisi ifunge chumba namba nne. Ikamjibu kwamba vitanda havitoshi. Baada ya miezi miwili ikamleta Rosaline, mwanafunzi kutoka Malawi, na begi lake.

Wacera alikuwa jikoni alipomsikia akibisha kwenye mlango wa namba nne. Akatoka mbio, kiganja kinywani, neno lisije likamponyoka.

“Karibu!” ikaitika sauti kutoka ndani, na ilikuwa sauti ya Wacera mwenyewe. “Ingia, mwanangu. Hapa ni kwako.”

Rosaline akasukuma mlango.