Mtoto Aliyepakatwa Kwenye Mwendokasi

Aliyenisimulia jambo hili ni Ernesta, jirani yangu hapa Same. Lilimpata wifi yake, Jenifer, ambaye wanaishi naye nyumba moja.

Jenifer alirudi kutoka Dar es Salaam, alikokwenda kumsalimia dada yake, na tangu siku hiyo akawa anamnyonyesha mwanawe, Elirehema, amesimama.

"Wifi, viti vya kwetu vinakuchoma siku hizi?" Ernesta alimtania.

"Elirehema hataki nikikaa."

Ernesta alicheka, mpaka alipoona mwenyewe. Jenifer alikaa kwenye kigoda jikoni, akamweka mwanawe mapajani, na mtoto hakutua. Alibaki juu kidogo ya gauni la mama yake, kama aliyewekwa juu ya kitu, kisha akateleza pembeni akilia mpaka sauti ikakauka. Jikoni kukanuka maziwa yaliyochacha.

"Kuna mtu hapa," Jenifer alinong'ona, akionyesha mapaja yake. "Nikikaa, na yeye anakaa. Ni mzito, wifi. Ana joto."

Ndipo akaeleza. Kule Dar alimwacha Elirehema kwa dada yake Kimara, akapanda basi la mwendokasi kwenda Kariakoo. Alipata kiti. Watu walipojaa, mwanamke mmoja aliyesimama alimwinamia akasema, "Nipakatie, dada," kama tunavyoombana sote, na Jenifer akampokea mtoto aliyefunikwa khanga mpaka usoni. Kituo chake kilipofika aliita, "Mama mtoto! Mama mtoto!" Hakuna aliyeitika. Milango ilikuwa wazi na watu wanamsukuma. Akamlaza yule mtoto kwenye kiti, akashuka.

"Ukamwacha mtoto wa watu?"

"Nilijua mama yake yumo."

Elirehema akazidi kukonda. Miguu ya Jenifer ilivimba kwa kusimama, na maziwa yakaanza kupungua. Wazee wa kanisa walikuja kuomba. Walipokuwa wakiomba, ile harufu ilitoweka. Walipotoka mlangoni, ikarudi.

Mwishowe wakamwita Bibi Eliwaza, nyanya yake Ernesta, ashuke kutoka Vudee, milimani. Yeye huitwa mambo kama haya yakitokea.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kaa."

Jenifer akakaa. Bibi akaweka kiganja juu ya mapaja yake, akakiondoa haraka, akakifuta kwenye khanga.

"Amelala," alisema kwa sauti ya chini. "Huyu hakukufuata, mjukuu wangu. Ulipewa, ukapokea. Maombi hayamwondoi kwa sababu hana kosa. Mrudishe mwenyewe, mikononi mwa mama yake."

"Nitampata wapi?"

"Pale alipokupa."

Jenifer na Ernesta wakasafiri na Elirehema kwenda Dar. Walipanda mwendokasi Kimara mchana kweupe, Jenifer akakaa, Ernesta akasimama pembeni yake amembeba mtoto. Walifika mwisho wa njia wakageuza, wakafika wakageuza tena. Basi lilipojaa, ile harufu ya maziwa yaliyochacha ikapanda, na Ernesta akaona mikono ya mwanamke ikipenya katikati ya watu bila kumgusa hata mmoja.

"Nipe mwanangu. Umekaa naye sana."

Jenifer alinyanyua mikono mitupu, na gauni lake, lililokuwa limebonyea mapajani, likainuka lenyewe. Akaruka kutoka kwenye kiti akamchukua Elirehema kwa Ernesta. Yule mwanamke akakaa pale pale alipotoka Jenifer, mkono mmoja umekumbatia hewa, na ule mwingine akaunyoosha.

"Na wako mlete, dada. Ulinipakatia, zamu yangu."

Jenifer akatikisa kichwa, na basi likakata kona akayumba, na baba mmoja akasema, "Mpe mama akusaidie, wewe, breki zikifungwa mtoto ataumia," na msichana mmoja akacheka akisema watu wa mikoani hawaamini mtu, na sauti zikawa nyingi, mpe, mpe bwana, roho mbaya hiyo, na Elirehema mwenyewe akaanza kuinama kuelekea kwenye ule mkono, akitabasamu, mzito kuliko alivyowahi kuwa, akiteleza kidogo kidogo kutoka kifuani kwa mama yake.

"Simpi!" Jenifer alipiga kelele. "Simpi!"

Mwanamke akarudisha mkono.

"Haya, siku nyingine basi," alisema kwa upole. "Same si mbali."

Hakuna aliyekuwa amemtajia Same.

Walishuka kituo kilichofuata. Jioni hiyo Elirehema alinyonya mapajani kwa mama yake mpaka akalala.

Ernesta alinisimulia haya jioni. Asubuhi iliyofuata nilipanda gari kwenda kwa mama yangu Ndungu, nikasimama na mwanangu mkononi. Mama mmoja aliyekaa dirishani akanyoosha mikono, akatabasamu.

"Mlete nikupakatie, mwanangu."

Watu wote waliniangalia. Sikuweza kumkatalia mbele yao. Nikamwambia konda nashuka hapo hapo. Ndungu ilikuwa bado mbali. Nilimfunga mwanangu mgongoni, nikakaza khanga, nikaanza kutembea.