Idhini ya Dakta Agbeko

Haya yalimpata rafiki yangu Esinam, chuoni katika mji wa Ho. Saa kumi mchana usajili wa masomo ungefungwa, na bila idhini ya mshauri angepoteza mwaka mzima. Mshauri wake, Dakta Agbeko, alikuwa amezikwa mwezi mmoja kabla. Sasa kompyuta ndiyo iliyowashauri wanafunzi na kutoa idhini kwa alama ya kidole.

"Weka kidole tu, dada. Hii haigombi kama mzee," mlinzi alimtania, akamwingiza chumba cha kompyuta na kumfungia mlango wa umeme.

Mara umeme ukakatika. Chumba hakikuwa na dirisha. Esinam akausukuma mlango, ukagoma.

"Kaka, nifungulie!"

Kisha, gizani nyuma yake, kompyuta ikaanza kuvuma bila umeme. Akapapasa hadi kwenye kibao cha kusomea alama za vidole, akanyoosha mkono wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa umeshika mkoba.

Mtu akasonya karibu na sikio lake. Ndivyo Dakta Agbeko alivyosonya kila alipopewa karatasi kwa mkono wa kushoto.

"Binti, nilikufundisha hivyo?"

Vidole vikavu, vyenye vumbi la chaki, vikaushusha mkono wake wa kushoto, vikauweka wa kulia kibaoni. Kompyuta ikalia: idhini imetolewa.

Vile vidole havikumwachia.