Makro ya Chumba cha Giza

Kiti cha pili kililia.

Mama Picha alikuwa peke yake katika chumba cha giza cha maabara, asubuhi ya kazi kama asubuhi nyingine, na kiti hicho hakikuwa kimekaliwa na mtu tangu mwenzake ahamishwe. Kililia kama kinavyolia kiti mtu mzito anapojiweka sawa, kisha kikanyamaza.

"Panya," akajiambia, ingawa panya wa kukiliza kiti kile angetosha kuitwa mbuzi.

Kazi yake ilikuwa kupiga picha vipande vya nyama za wagonjwa chini ya hadubini, ndiyo maana wenzake walimbandika jina hilo. Kompyuta yake ilikuwa kuukuu, na programu ya picha kuukuu zaidi, ila ilikuwa na makro. Makro ni hivi: unawasha kinasa, unafanya kazi yako mara moja huku mashine inakutazama, unazima. Tangu hapo, kila ukipiga picha, mashine inarudia hatua zako zote yenyewe: inasafisha mwanga, inahesabu seli, inahifadhi. Aliyebuni kitu hiki hakuwahi kuambiwa kwamba haraka haraka haina baraka.

Mama Picha alikuwa amerekodi makro yake wiki iliyopita. Katikati ya kurekodi, mtu alibisha hodi. Naye, kwa adabu aliyolelewa nayo, akaitika bila kugeuka, "Karibu, ingia, kaa hapo." Hakuingia mtu. Akamaliza hatua zake, akazima kinasa, akasahau.

Mashine haikusahau. Asubuhi ile ya kiti alipiga picha nyingine. Mshale ukatembea wenyewe kwenye kioo, mwanga ukasafishwa, na katikati ya kuhesabu seli mlango ukagongwa, na sauti ikasema nyuma ya sikio lake, "Karibu, ingia, kaa hapo." Ilikuwa sauti yake mwenyewe. Ikafuata harufu ya nywele zilizoungua, na kiti cha pili kikalia tena, safari hii karibu zaidi na chake.

Akaifuta makro ile. Picha iliyofuata, mambo yakaenda vilevile. Akamkimbilia mkuu wa maabara.

"Mama Picha, wewe una usingizi," mkuu akasema, akicheka. "Wagonjwa wanasubiri majibu, na kompyuta nyingine sina. Rudi ndani, mama."

Akarudi. Angefanyaje? Kila picha ilimkaribisha mgeni upya, na kila alipokaribishwa alisogea. Alipofika nyumbani jioni, binti yake mdogo, ambaye kila siku humrukia mlangoni, alijificha nyuma ya kabati.

"Mama," akanong'ona, "huyo nyuma yako naye ni mama?"

Alimpigia simu shangazi yake, bingwa wa kutibu wenye majini, akilia. "Mimi anichukue, shangazi. Lakini mwanangu, hapana. Asimfikie mwanangu."

Kesho yake shangazi, aliyelala kwao kumlinda mtoto na kumwacha kwa jirani, akaja maabara, ubani mkobani. Alichungulia chumba cha giza, akarudi nyuma upesi, akamvuta Mama Picha ukutani kwenye korido.

"Mwanangu, huyu hakuvunja mlango. Ulimkaribisha."

"Sikujua, shangazi."

"Najua hukujua. Lakini mgeni aliyekaribishwa hafukuzwi kwa ubani, anaagwa na mwenyeji. Dawa ya moto ni moto. Rekodi hiyo makro yako nyingine, umtoe."

"Nimtoeje?"

"Toka wewe, umwoneshe njia. Mimi nitakaa hapa mlangoni. Akipita nitauhisi upepo wake, nitamsindikiza hadi nje ya geti, nimfungie huko huko asirudi."

Ikawa hivyo. Mama Picha akawasha kinasa, akasafisha mwanga, akahesabu, akahifadhi, akasimama, akavuta mlango mzito ule wenye raba ya kuzuia mwanga, akatoka, akaufunga nyuma yake. Akasema, kama alivyofundishwa, "Nimemaliza, shangazi. Twende nyumbani."

Kisha ikabidi arudi ndani peke yake, maana kinasa kinazimwa palepale kilipowashwa, na makro haiendi mpaka picha ipigwe. Akazima, akaifuta kwenye rekodi hatua ile ya kurudi. Akajifungia, kwa kuwa picha zile hazipigwi penye mwanga. Akabonyeza kitufe cha kamera.

Mshale ukatembea, seli zikahesabiwa, na kiti cha pili kikalia kwa kuachwa, na Mama Picha akamshukuru Mungu moyoni akisikia nyayo zikielekea mlangoni, lakini zilikuwa nyayo za viatu vyake yeye, zenye kisigino kimoja kilicholika, na mlango ulipofunguka aliona kwenye mwanga wa korido koti jeupe kama lake, kitambaa cha kichwa kama chake, shingo yake, mkono wake ukishika kitasa, na kabla hajapata pumzi ya kupiga ukelele mlango ukafungwa, raba ikanyonya, akaurukia na kitasa kikagoma kuzunguka.

"Nimemaliza, shangazi. Twende nyumbani," sauti yake ikasema huko nje.

"Ametoka? Mbona sikuhisi upepo?" shangazi akauliza.

Mama Picha akagonga mlango kwa ngumi zote mbili. "Shangazi! Niko humu! Shangazi, mimi ndiye niko humu!" Lakini kupitia raba ile maneno yake yalitoka yamefifia, hayana mwenyewe.

"Mwanangu, nani anagonga huko ndani?"

Makro ilikuwa imekwisha. Mama Picha alisubiri, ngumi hewani, akiomba kiumbe kile kiishiwe na maneno, kwa sababu hakikuwa na jingine la kusema ila alilokirekodia yeye.

"Ndiye huyo," sauti yake ikajibu, taratibu, kwa upole zaidi kuliko alivyowahi kuongea yeye. "Amekataa kutoka. Tumfungie humo humo, shangazi."

Harufu ya ubani ikaanza kuingia chini ya mlango, shangazi akisoma dua kwa haraka, na kitasa kikawa cha moto mpaka Mama Picha akakiachia. Alilia, akiliita jina la mwanawe. Koridoni, nyayo za watu wawili zikaanza kwenda.

"Na mtoto," sauti ikauliza, "ameamka?"

"Ameamka, mwanangu. Anakungoja wewe tu."