Sauti Aliyoisikia Papa Toussaint

Kila siku akitoka shule, Apolline alikula haraka, akabadili nguo, akaenda kuwinga ndege katika shamba lao la mpunga huko Kiringye. Mpunga ukikaribia kukomaa, ndege wadogo huja kwa mamia, na hawana haya hata kidogo: ukiwafukuza upande huu, wanatua upande ule na kuendelea kula kama wageni walioalikwa. Watoto wengine waliwinga kwa kupiga madebe. Apolline alivuta tu kamba ndefu iliyofungwa vipande vya mifuko, kwa sababu mama yake, Honorine, alikuwa amekataza kelele za ghafla karibu na baba.

Baba yake, Toussaint, alikuwa askari zamani. Miaka minne iliyopita bomu lililipuka karibu naye vitani, likamrusha na kumjeruhi kichwa. Alirudi nyumbani hai, na kila jioni Mama Honorine alimshukuru Mungu kwa hilo kabla hata ya kushukuru kwa chakula. Lakini alirudi na maumivu ya kichwa, usahaulifu na mwili unaoshtuka upesi. Akiwa ametulia, alikuwa makini kuliko wengi. Ndiyo maana kamati ya wakulima ilimpa kazi ya kulinda mlango wa mfereji uliopita kando ya shamba lao, yaani ubao mzito unaozuia maji yasiingie shambani kwa mtu kabla ya zamu yake. Kazi ile ilimfanya ajione mtu tena.

Jumatano moja Apolline alichoka kuvuta kamba, na rafiki yake Noella alikuwa akimngoja nyumbani kwao wakacheze. Akatazama huku na huku, akaokota debe tupu, akalipiga kwa jiwe kwa nguvu zake zote. Pa! Pa! Pa! Ndege wote wakaruka. Apolline akacheka, kisha akageuka upande wa mfereji.

Toussaint alikuwa ameung'oa ubao wa mlango, amelala kifudifudi nyuma ya ubao huo kama anayejikinga risasi. Maji yalikuwa yakimiminika katika shamba la jirani yao, Mama Mapendo, ambako mpunga uliokatwa asubuhi ulilazwa chini ukauke. Apolline aliogopa sana. Akalitupa debe majanini, akakimbia nyumbani.

Majirani waliokuwa mbali barabarani waliona maji, wakafika mbio na kuurudisha ubao, lakini mpunga ulikuwa umelowa.

"Toussaint, mbona unanifanyia hivi?" Mama Mapendo alilia.

"Nilisikia risasi," alijibu akijiinua kutoka chini.

"Risasi gani? Siye wote tuko hapa, hakuna risasi!"

Jioni ile Toussaint hakugusa ugali wake. "Honorine," alisema polepole, "sasa kichwa kinanidanganya hata mchana. Kinasikia vitu visivyokuwako. Ijumaa nitawaambia komite wachukue kazi yao."

Apolline aliweka tonge lake chini. Yeye peke yake alijua kwamba sauti ilikuwako. Alitaka kusema, lakini woga ukamziba mdomo, jioni ile na siku nzima iliyofuata.

Ijumaa wakulima walikutana katika darasa la shule, na Apolline akaenda na wazazi wake. Bruno, mkuu wa kamati, hakuwa amemaliza hata salamu mzee mmoja alipodakia, "Muntu iko na kichwa kibovu, hawezi kulinda maji yetu!"

Toussaint alisimama, akavua kofia. "Iko na haki kusema hivyo," alisema. "Minye mwenyewe siamini tena kichwa changu."

Apolline akasimama. "Hapana, Papa! Ni minye nilipiga debe karibu na mlango. Nilijua imekatazwa. Unisamehe."

 Toussaint akamgeukia mtoto wake. "Weye?"

"Ndiyo, Papa. Ulisikia kweli."

Toussaint akaketi, akafunika uso kwa kofia, akalia. Apolline alidhani ni hasira. "Kumbe nilisikia kweli," baba alisema. "Aksanti, mwanangu. Aksanti sana."

Ndipo Mama Émérance, muuguzi wa kituo cha afya, alipoomba kusema. "Mguu ukivunjika, tunauona. Ubongo ukitikiswa na bomu, hatuoni kitu, lakini umeumia. Tena vita vinaufundisha kuamua haraka ili muntu apone. Ukisikia kishindo, unaamua kabla ya kufikiri. Toussaint si mwenda wazimu. Anahitaji utulivu, matibabu na muntu wa kuamua naye."

Mama Mapendo alikuna kichwa. "Basi tufunge ubao kwa mnyororo na kufuli," alisema. "Ufunguo nikae nao minye, maana shamba langu ndilo la kwanza kulowa! Akitaka kufungua, aniite, tuamue wawili."

Watu wakacheka, hata Toussaint. Wakakubaliana pia kwamba hakuna debe litakalopigwa tena karibu na mfereji.

Jumamosi Apolline, Noella na wenzao walitandaza mpunga wa Mama Mapendo juu ya maturubai kando ya barabara, wakawa wanaugeuza juani tangu asubuhi. Mikono ya Apolline ilitoka malengelenge, lakini hakulalamika. Mpunga mwingi ulipona, na Mama Mapendo akamshukuru kwa kumbatio la nguvu.

Jioni, kabla ya kula, Toussaint alimwita Apolline aketi karibu naye.

"Sikiliza, mwanangu. Kupiga debe kulikuwa kosa, lakini kunyamaza siku mbili kuliniumiza zaidi, maana nilijiona nimepotea. Ukikosea, sema mapema. Ukweli wako umenirudishia kichwa changu."

"Nimesikia, Papa."

Mama Honorine alifumba macho aanze kushukuru kama kawaida, lakini mumewe akamgusa mkono. Kwa mara ya kwanza tangu arudi kutoka vitani, Toussaint alitaka kushukuru mwenyewe.