Anayeshikilia Tuta

Mvua ilipopumua kidogo, jua likielekea kuzama, Pankrasi Komba alitoka kwenda kuliangalia bwawa la Romwaldi. Hakuitwa. Alikwenda ili akirudi nyumbani kwake, mtaa wa Msamala, awe na la kumsimanga mtu.

Miaka ishirini na miwili alikuwa fundi wa maji serikalini, mpaka walipompunguza kazini. Na wakati yeye anashuka, watu kama Romwaldi walikuwa wanapanda. Juzi tu karani wa ushirika, leo biashara huria imempa lori, nyumba na duka Majengo, na shamba kwenye njia ya Peramiho lenye bwawa lake mwenyewe. Bwawa gani? Tuta la udongo lenye kimo cha nyumba, lililosukumwa kwa katapila la kukodi kwa siku nne. Halikushindiliwa. Halikuachiwa njia ya kutolea maji yakizidi. Pankrasi alipomweleza hayo, Romwaldi alimjibu mbele ya watu kwamba wataalamu wa serikali ndio walioifikisha nchi ilipo.

Basi ikaja mvua ya El Nino, mwaka wa tisini na nane, na bwawa likajaa.

Bondeni, chini ya tuta, zilikuwapo kaya kumi na moja. Hao nao Pankrasi aliwadharau. Badala ya kuuliza habari za maji, walinong'ona kwamba tuta linasimama kwa sababu ndani yake kuna mtu. Chande, kibarua kutoka upande wa Namtumbo, aliyepotea siku ya mwisho ya kazi. Watu wazima wenye akili zao, Jumapili wako kanisani, Jumatatu wanazungumza upuuzi huo.

Alipita juu ya tuta. Maji yalibakiza shubiri moja tu yafurike. Akateremka upande wa pili, taratibu, akishika majani, mpaka chini kabisa palipokuwa pakivuja.

Palikuwa na mtu amekaa.

Ni Lukresia, mke wa Chande. Alikuja mwaka uliopita kumtafuta mumewe, akapanga chumba bondeni, na kila jioni alikuja kukaa hapo, peke yake, midomo ikichezacheza. Watu walisema akili zimeruka. Pankrasi hakumsalimu.

Alichuchumaa penye tundu. Lilikuwa na upana wa kikombe. Fundi wa maji anajua: yakivuja maji maangavu, tuta lina maisha bado. Yakivuja tope, tuta linaliwa kwa ndani. Lakini mwanga ulikuwa umefifia, hakuona rangi. Akakunja shati, akaingiza mkono ili apapase kama kuna mchanga unaotoka.

Harufu ikamjia. Si ya matope. Ni ya chumba kilichofungwa, ya jasho, ya tumbaku.

Kisha akasikia... ndani ya udongo... mtu anakohoa.

Kitu kikamshika mkono.

Hakikumshika kwa nguvu. Kilimshika kama mgonjwa anavyomshika mtu aliyekuja kumwona. Vidole vilikuwa baridi, vinatetemeka. Pankrasi akajikaza ili auvute mkono wake.

"Usimvute," alisema Lukresia, polepole, bila kuinuka. "Ukimvuta, bwawa lote linakuja naye."

Pankrasi akatulia. 

"Nilimwomba avumilie mpaka watu wavune," mama yule aliendelea. "Amevumilia. Sasa amechoka, baba. Waambie watu watoke."

Vile vidole vikalegea. Kimoja... kingine... kingine. Mkono wa Pankrasi ukatoka umejaa tope zito.

Alikimbia. Nyumba kwa nyumba aliwaeleza mambo ya tope na udongo unaoliwa kwa ndani, kifundi kabisa. Hawakubisha. Walibeba watoto, wakafungua mbuzi, wakapanda mlimani. Hata katika hofu ile aliwadharau, maana alijua wanatoka kwa sababu ya Chande, si ya tope.

Romwaldi alikuwa kwenye nyumba yake ya shambani, anakula. Alimsikiliza, akacheka, akamwuliza kama kilichomleta ni kutafuta kazi. Ndipo Pankrasi akajikuta anasema neno ambalo hakukusudia kulisema.

"Lukresia anasema Chande amechoka."

Romwaldi aliacha kutafuna.

"Amesema kwa mdomo wake?"

"Nani?"

Romwaldi alinyanyuka. Alichukua ufunguo wa gari, akaondoka kuelekea mjini, sahani ikiwa bado ina moshi.

Haikupita saa moja, tuta likaenda. Halikunguruma. Lilitoa sauti kama ya mtu anayeshusha pumzi baada ya kutua mzigo, kisha bonde zima likawa maji. Nyumba kumi na moja, bustani, daraja la miti, vyote vilikwenda. Mtu hakufa hata mmoja.

Asubuhi walikuta katikati ya tuta lililopasuka shina la mninga, limeoza, mizizi imetanuka. Pankrasi akapata nguvu tena. Aliwaeleza kwa sauti kwamba yule mjinga alijenga juu ya shina bila kuling'oa, mizizi ikaoza, maji yakapata njia, na yeye mwenyewe gizani alishika mzizi. Wote wakaitikia kwa vichwa.

Lukresia alikuja akalitazama lile shina.

"Huyu siye," alisema. "Yeye ameshatoka."

Akafunga mzigo wake, akashika njia ya Namtumbo, na hakutembea kama mfiwa.

Bwawa halikujengwa tena. Mwezi wa Agosti, baridi kavu, miezi mitatu bila tone la mvua, Romwaldi alimwita Pankrasi nyumbani kwake Majengo. Alikuwa amekonda, shati linamning'inia. Akampeleka chumbani. Ukuta wa matofali ya saruji ulikuwa umelowa, doa moja, kimo cha mtu mzima. Umepigwa lipu mara mbili, na doa limerudi mara mbili. Pankrasi alikagua juu, akakagua nje. Hapakuwa na bomba. Paa lilikuwa zima.

"Weka mkono, fundi," Romwaldi alinong'ona. "Wewe unamjua."

Pankrasi alilitazama lile doa. Alitafuta neno la kejeli, akalikosa. Akasema ngoja arudi nyumbani kwanza, akachukue vifaa.

Akatoka upesi, mkoba wa vifaa ukiwa begani mwake.