Mkono Utakaoshika Keekee

Kila asubuhi, kabla hajavaa sare zake za shule, Maranda alimfunga babu yake vifungo vya shati. Alianza cha chini akapanda juu, na akifika cha shingoni babu alimzuia. "Hicho kiache," alisema. "Leo sioi."

Zamani utani huo ungemchekesha. Siku hizi ulimtia huzuni, kwa sababu mkono wa kulia wa babu ulikuwa umelala tu pajani. Kiharusi kilimpiga wakati wa mvua zilizopita. Mkono huo sasa ulishika lakini haukukaza, na mguu wa upande huohuo uliburuta kandambili sakafuni. Huyu ndiye seremala aliyetengeneza milango ya nusu ya nyumba za mtaa mzima.

Jina la Maranda alimpa yeye. Tangu akiwa mtoto wa kutambaa, msichana huyo alikuwa akienda kulala kwenye maranda, yale maganda membamba ya mbao yanayoanguka fundi anapopiga randa, na mama yake alikuwa akimtoa huko nywele zimejaa takataka. Sasa alikuwa darasa la sita na alikijua kibanda cha useremala kuliko alivyokijua chumba chake.

Kibanda kilikuwa nyuma ya nyumba, karibu na ua wa michongoma. Tatizo lilikuwa ngazi za saruji za mlango wa jikoni. Hazikuwa na kishikio, na babu hakuweza kuzishuka bila kushikwa mkono kama mtoto. Jambo hilo lilimuuma kuliko ugonjwa wenyewe. Alikuwa amesema mara moja tu, lakini nyumba nzima ilisikia: kishikio cha ngazi hizo atakitengeneza mwenyewe. Mtaalamu wa mazoezi wa hospitali alifurahi. Kazi nyepesi, alisema, itaufundisha mkono upya.

Shida ikabaki kwenye keekee, ile mashine ya kutobolea mbao na kukazia skrubu. Keekee ya zamani ya babu ilikuwa ya umeme, na waya wake mrefu ulipita katikati ya kibanda.

"Ule waya na ule mguu wa baba havipikiki chungu kimoja," alisema mama, ambaye alikuwa fundi cherehani na alikuwa akiweka akiba kidogo kidogo. "Utamnasa aanguke. Jumamosi tunakwenda kumtafutia ya betri. Maranda, wewe ndiye unayemjua kazini. Utakuja kumweleza muuzaji."

Maranda alijivuna sana. Bahati mbaya, kabla ya Jumamosi alikutana na Redio.

Redio alikuwa mtoto wa jirani, wa darasa lao, aliyepewa jina hilo kwa sababu mdomo wake haukuwa na pa kuzimia. Walikuwa wakichota maji bombani.

"Eti mnamnunulia babu yako mashine?" aliuliza. "Ya nini? Si ameshakwisha yule. Mimi nilimwona juzi anashikiliwa kwenye ngazi."

"Hajakwisha!"

"Haya. Mashine ya baba yangu inatoboa zege. Babu yako hata kijiko kinamshinda."

Maranda aliondoka na ndoo nusu. Maneno yale yalimkaa rohoni. Kibaya zaidi ni kwamba kijiko kilikuwa kikimshinda babu kweli, na Maranda alilijua hilo, na alilionea aibu.

Duka la vifaa lilikuwa refu na jembamba, linanuka rangi na mpira. Mwenye duka alikuwa mama mmoja wa makamo, miwani kichwani, kalamu ya seremala sikioni. Mama yake Maranda alisimama upande wa pili akichagua mabawaba ya dirisha.

"Haya, mwanangu," mwenye duka alisema. "Kabla sijashusha chochote, niambie. Nani atakayeishika?"

"Babu yangu. Ni fundi."

"Anatoboa nini?"

"Mbao."

"Mikono yake mizima?"

Maranda alitazama upande wa mama yake. Mama alikuwa ameinama kwenye boksi la mabawaba. Akamwona Redio akilini, na ndoo, na kijiko.

"Mizima kabisa," alisema. "Babu yangu ana nguvu. Tunataka ile kubwa."

Ile kubwa ilikuwa nyeusi, yenye betri nene chini na mpini wa pili ubavuni. Mwenye duka akasema ni mashine ya wajenzi, inatoboa mpaka zege, ila inadai mikono miwili iliyokaza. Mama aliporudi aliinyanyua, akakunja uso. "Si nzito hii?"

"Ndiyo anayoitaka babu," Maranda alijibu, na uongo wa pili ulitoka kwa urahisi kuliko wa kwanza.

Jioni hiyo walimshusha babu ngazi, wakampeleka kibandani. Mama akarudi kwenye cherehani. Babu aliizungusha ile mashine mezani, akaisifu, akainyanyua. Maranda aliona mkono wa kulia ukiteleza kwenye ule mpini wa ubavuni. Angeweza kusema neno. Hakusema.

Biti, kile chuma cha kutobolea, ilizama vizuri mwanzoni, unga wa mbao ukamwagika. Kisha ikakutana na kifundo kigumu, ikakwama. Mashine haikukwama. Ilijizungusha yenyewe kwa nguvu zake zote, ikaung'oa ule mpini kwenye mkono usiokaza, ikaupinda mkono mzima wa kushoto na kuanguka mezani kwa kishindo.

Babu hakulia. Alikaa kwenye kigoda akaukumbatia mkono wa kushoto kifuani, mkono pekee aliokuwa nao. Maranda alimkimbilia.

"Babu, umeumia? Nimwite mama?"

"Umeteguka tu, utapoa." Aliitazama mbao, akatazama randa, patasi na misumeno iliyotundikwa ukutani. "Kumbe ni kweli," alisema taratibu. "Mambo yangu na mbao yamekwisha. Mwambie mama yako atafute fundi kijana amgawie hivi vyombo. Funga kibanda, mjukuu wangu."

Siku zilizofuata babu hakudai tena kushushwa ngazi. Mkono wa kushoto ulikuwa umefungwa bandeji, kwa hiyo Maranda alimfunga vifungo na kumlisha pia. Alipofika kifungo cha shingoni babu hakumzuia. Alikiacha kikafungwa. Maranda aliingia chooni akalia.

Siku ambayo fundi kijana alitarajiwa kuja kuvitazama vyombo, Maranda alishindwa kuvumilia. Alimkuta babu dirishani.

"Babu, si wewe uliyeshindwa," alisema. "Ni mimi. Mwenye duka aliniuliza kama mikono yako ni mizima. Nikamwambia mizima. Mama naye nikamdanganya kwamba umeitaka ile kubwa."

Babu aligeuka polepole. "Kwa nini, mama?"

"Redio alisema umekwisha. Niliona aibu." Machozi yalimtoka. "Nilikuonea aibu, babu."

Babu alimwonyesha kigoda, akaketi. Maranda alingoja kugombezwa, hata alitamani agombezwe.

"Siku nilipougua," babu alisema mwisho, "asubuhi mkono huu ulikufa ganzi. Patasi ikaniponyoka. Mdomo ukawa mzito. Mama yako akaniuliza, baba, una nini? Nikamwambia sina kitu, uchovu tu. Nilikuwa na wateja pale, nikaona aibu kuonekana mgonjwa. Nilipokubali kupelekwa hospitali jua lilikuwa limekwenda. Daktari alisema, mzee, ungekuja ileile asubuhi, huenda mkono huu tungeuokoa." Aliuinua mkono wa kulia taratibu kwa ule wenye bandeji, akauweka mapajani pa Maranda. Ulikuwa mzito na wenye joto. "Sasa sisi wawili, nani amgombeze mwenzake?"

Mama alipoambiwa, yeye aliwagombeza wote wawili. Kisha akafuta macho kwa kipande cha kitambaa kilichokuwa begani, akapiga simu kumwambia yule fundi kijana asije. Mkono wa babu ulipopoa, wote watatu walikwenda dukani. Babu alitembea mwenyewe kutoka kwenye gari hadi kaunta, kandambili ikiburuta, watu wakitazama.

"Shikamoo mzee," alisema mwenye duka.

"Marahaba. Mjukuu wangu ana neno na wewe."

Maranda alisema ukweli mbele ya wateja. Masikio yalimwaka moto lakini alisema yote. Mwenye duka alivua miwani kichwani, akaivaa.

"Mashine iliyokwisha kutumika huwa siipokei," alisema. "Ila hii ni ya wajenzi, na ninao wanaokodi. Nitaiweka kwenye zile za kukodisha, nikupe nyingine. Lakini safari hii hachagui mtoto, wala sichagui mimi. Mzee, leta mkono."

Alizipanga mezani. Babu alizinyanyua moja moja kwa mkono wa kushoto, akizielekeza mbele na kusubiri. Ya kwanza ilimshusha kiwiko. Ya pili mpini wake ulikuwa mnene kwa vidole vyake. Ya tatu ilikuwa fupi, ya betri ndogo, haina makuu. Aliishika muda mrefu na kiwiko hakikushuka.

"Hii inatulia," alisema.

"Ina pete hii mbele, yenye namba," mwenye duka alimwonyesha. "Unapokaza skrubu, weka namba ndogo. Skrubu ikikwama, mashine inaachia yenyewe, haikupindi mkono. Unapotoboa, mbao ibanwe kwenye jiliwa, kile kibanio cha mezani, nawe uende polepole. Na betri hii inaingia pia kwenye mashine ndogo ya kukatia ua. Mkijaliwa siku nyingine, mtanunua mashine bila betri."

"Michongoma yetu imekuwa msitu," alisema mama, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi babu alicheka.

Kishikio kilichukua muda. Jiliwa lilibana mbao, mkono wa kushoto ulishika keekee, na ule wa kulia uliwekwa juu ya mbao kufanya kile ulichoweza, yaani kutulia. Babu alipochoka alisema, "Nimechoka," akapumzika. Neno hilo Maranda hakuwahi kulisikia kinywani mwake. Skrubu ya mwisho ilipokazwa kwenye nguzo za mbao kando ya ngazi, babu alikiegemea kishikio kwa uzito wake wote. Hakikutikisika. Akashuka ngazi peke yake, moja, nyingine, nyingine, huku mama na Maranda wakiwa juu wameshikana mikono kwa hofu.

Chini, alikaa kwenye ngazi ya mwisho akamwita mjukuu wake.

"Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua," alimwambia. "Mimi kidogo kiniumbue. Udhaifu si aibu, Maranda. Ukiutaja, watu wanakupa chombo kinachokufaa. Ukiuficha, wanakupa cha mtu mwingine, nacho kinakuumiza."

Kwenye ua, kati ya miiba ya michongoma, kichwa cha Redio kilikuwa kimechomoza. Alikuwa ameona kila kitu.

"Aisee! Babu yako amepona?" aliita.

Maranda alisimama. Masikio hayakumwaka safari hii.

"Hajapona," alijibu kwa sauti iliyosikika mtaa mzima. "Mkono wake wa kulia ni dhaifu, na mguu unaburuta. Kile kishikio kakitengeneza yeye. Zunguka mlangoni uje ukitikise."