Lenzi Yenye Mdomo Mpana

Siku betri za redio zilipofika Mwanza baada ya kuadimika miezi miwili, duka la Mzee Chenge lilijaa watu hadi kizingitini. Kila mtu alitaka betri, isipokuwa kijana mmoja aliyevaa suruali ya bugaluu ya kahawia na shati la kola ndefu. Huyo alikuwa ameegemea kaunta nusu saa nzima, akizigeuzageuza lenzi mbili za kamera kama mtu anayechagua nyanya. Watu walimsonya, hakusikia. Aliitwa Antoni Kashindye, mpiga picha wa studio moja ndogo pale Mirongo, na kutosikia kilikuwa kipaji chake cha pili.

"Amua basi, mjomba," Mzee Chenge alimwambia. "Ukichukua hii ndefu utasimama mlangoni, mtoto hata hatajua kama upo. Lakini inataka mwanga mwingi, na ndani ya nyumba utautoa wapi? Utapata picha za giza, zimetikisika. Hii fupi ina mdomo mpana, dirisha moja linaitosha. Ila lazima usogee karibu, na utakachokilenga ndicho kitakachoonekana. Vya nyuma vyote vinakuwa ukungu."

"Si nitafunga tu flashi kwenye hii ndefu?"

"Flashi kwa watoto?" sauti ya mwanamke ilidakia nyuma yake. "Mpiga picha wa mwaka jana alikuja na flashi. Walilia siku mbili, na mmoja mpaka leo akiona tochi anaingia uvunguni."

Kashindye aligeuka. Alimwona dada mrefu, gauni la maua ya bluu limepigwa pasi likanyooka, kitambaa cheupe kichwani, boksi la chaki kifuani. Macho yake yalikuwa yanacheka kabla ya mdomo.

"Hao watoto wako wangapi, kaka?"

"Ishirini na watatu."

Foleni nzima iliangua kicheko.

"Si wangu!" Kashindye alijitetea. "Ni wa chekechea ya kata. Ofisi inataka picha za maonyesho ya Sabasaba. Watoto wakiwa kwenye shughuli zao, wasipangwe mstari kama askari."

"Basi hao ni wangu. Mimi ndiye mwalimu wao, Felicitas Kokushubira. Chukua hiyo fupi."

"Nikisogea karibu si wataacha shughuli wanitolee macho?"

"Utakuja siku tatu bila kupiga hata picha moja. Utakaa mkekani. Wakishakuchoka, ndipo upige."

Kashindye alichukua lenzi fupi. Mimi simlaumu. Angeambiwa na macho yale achukue jiwe la Bismarck kutoka ziwani, angelibeba.

Siku tatu alikaa mkekani. Watoto walimpanda mgongoni, wakamfungua kamba za viatu, wakamwita shangazi kwa sababu ya nywele zake nyingi. Siku ya nne hakuna aliyemjali tena, akaanza kupiga. Chumba kilikuwa na dirisha moja lililotazama upande wa ziwa, na baada ya uji wa saa nne kila mtoto alipita mapajani mwa mwalimu kufutwa mdomo. Kashindye alipiga mkanda mzima hapohapo, hatua mbili kutoka kwake, akishusha pumzi kila alipobonyeza.

"Sogea nyuma kidogo, Kashi," Felicitas alisema siku ya tano. "Mpaka nasikia ulichokula."

"Lenzi ndiyo inataka, Feli."

"Lenzi peke yake?"

Kashindye alijifanya anafuta kioo cha lenzi. Jioni hiyo walitembea hadi ufukweni, wakala sato wa kukaanga, na kabla ya wiki mbili kwisha walikuwa wanapendana waziwazi. Picha zilipokuwa tayari, Kashindye alipiga simu ofisi ya kata. Bi Odeta, karani, alimwita Felicitas kisha akabaki palepale akifuma kitambaa.

"Nimezisafisha, mpenzi. Kuna moja, sijawahi kupiga kama hiyo."

"Ndiyo, ndugu mpiga picha," Felicitas alijibu kwa sauti ya ofisini, uso umewaka. "Taarifa yako nimeipokea kwa furaha sana."

"Bi Odeta yupo?"

"Yupo kikamilifu."

Picha yenyewe ilikuwa hii: Felicitas amejitanda kanga, amempakata mtoto Mayala aliyekuwa amesinzia, amemwinamia kwa macho ambayo hayaelezeki. Watoto wengine ishirini na wawili walikuwa nyuma yao, lakini lenzi ile iliwageuza wote kuwa ukungu laini. Walibaki kama mama na mwanawe, peke yao duniani. Kashindye, kwa fahari ya wapiga picha wote, aliikuza, akaitundika kwenye kioo cha mbele cha studio Ijumaa jioni, pale wapita njia wa kutoka bandarini wanapoiona. Hakumwuliza mtu.

Jumamosi asubuhi meli ya Bukoba ilitia nanga. Kati ya walioshuka alikuwamo Mzee Anatory Kahigwa, mkulima wa kahawa, koti jeusi, mkungu wa ndizi begani, anakwenda kumsalimu binti yake Felicitas. Alipita mbele ya studio. Aliiona picha, akashusha mkungu chini.

Felicitas alipofungua mlango akapiga goti kusalimu, mzee hakuitikia.

"Mtoto yuko wapi?"

"Mtoto gani, baba?"

"Nimemwona kwenye kioo, mji mzima unamwona. Mimi tu babu yake ndiye niliyefichwa."

Felicitas alieleza, akalia, akakimbia kumleta mama yake Mayala, naye akaapa kwamba mtoto ni wake. Mzee alitikisa kichwa. Kwao alishaona mabinti wangapi waliozaa kimya wakampa jirani alee?

"Maneno mnaweza kuyapanga. Yale macho ni ya mzazi. Jumatatu meli ikirudi, unarudi nami Bukoba. Mbele ya mama yako utasema kweli, na kazi ya mjini basi."

Felicitas alikwenda ofisi ya kata kupiga simu studio. Safari hii hakumjali Bi Odeta hata kidogo.

"Kashindye, umenitundika dirishani kama kitenge!"

"Feli, ni picha nzuri kuliko..."

"Nzuri kwa nani? Baba anadhani nimezaa! Jumatatu ananichukua. Ungeniuliza tu. Neno moja, Kashi, wewe unayelala na kuamka ukisema unanipenda!"

"Nakuja kumweleza."

"Usije. Umeshaonyesha vya kutosha."

Akakata simu. Bi Odeta, aliyekuwa ameacha kufuma, alimpa kiti.

Kashindye aliitoa picha kiooni. Aliumia, na alistahili kuumia. Alikuwa amemtazama mwanamke yule kwa jicho moja wiki nzima asione kwamba ana baba, ana jina, ana mji unaomtazama. Kisha akajifungia chumba cha giza na mkanda ule. Hakuchagua nzuri wala mbaya. Alizichapa zote, kwa mfuatano wa namba zilizo pembeni mwa mkanda, na Jumapili baada ya misa akabisha hodi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ndiwe nani?"

"Ndimi niliyekosa. Picha ile niliitundika bila ruhusa. Na lenzi yangu iliwafuta watoto wengine. Nimekuletea wote."

Felicitas alisimama kando ya mlango, mikono kifuani. Mzee alivaa miwani, akazipanga picha mezani moja moja, kwa uangalifu uleule anaochambulia kahawa. Mapaja yaleyale, kanga ileile, dirisha lilelile. Kija anafutwa mdomo. Luhaga anafutwa mdomo. Ngosha analia, anapakatwa, ananyamaza. Watoto ishirini na watatu, na kwa kila mmoja Felicitas ameinama na macho yaleyale.

"Anawatazama wote hivihivi," mzee alisema polepole.

"Wote, mzee. Hata huyo Ngosha mkorofi."

Mzee Kahigwa alivua miwani, akaifuta kwa pindo la koti. "Mwanangu, nisamehe. Sikujua kama moyo wako una nafasi ya watu wengi namna hii."

Felicitas alikuja akapiga magoti, akaweka kichwa kwenye goti la baba yake, akalia tena, kilio kingine. Mzee alimpapasa kitambaa cha kichwani huku mkono wa pili ukivuta picha ya mwisho. Humo hamkuwa na mtoto. Felicitas alikuwa ameinua uso.

"Na hapa? Anamtazama nani hapa?"

Felicitas aliinua kichwa gotini, akaitazama.

"Mimi, mzee," Kashindye alisema.

"Ulikuwa umbali gani?"

"Hatua mbili."

"Ni karibu mno kwa mtu ambaye sijawaona wazee wake."

Kashindye alirudi hatua moja nyuma. "Mzee, naomba... nataka kumwoa. Wazee wangu wako Magu, nitawaleta Bukoba wakati wowote utakaosema."

"Walete mavuno ya kahawa yakiisha. Kwetu hatuletewi posa na kamera." Lakini alikuwa anatabasamu.

Jumatatu mzee alipanda meli peke yake, na picha za watoto wote ishirini na watatu mfukoni mwa koti. Wawili hao walisimama gatini wakipunga mikono mpaka meli ikapita majabali.

"Basi tumemaliza," Kashindye alisema, akipumua. "Umekubali?"

"Nani kaniuliza?"

"Jana, Feli! Mbele yako!"

"Jana ulikuwa unamtazama baba."

Wachukuzi walikuwa wanapita na magunia, wakiwapigia kelele wapishe. Kashindye hakupisha. Aliivua kamera shingoni, akaiweka chini kwenye sakafu ya gati, akamgeukia mikono mitupu.

"Felicitas Kokushubira," alianza kusema.

"Ndiyo," alijibu Felicitas, kabla hajaulizwa lolote.